Logo imeshalipwa, faili ghafi ni la nani? Tumalize huu ubishi

mchoranembo

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna ubishi ambao kila nikikaa na wenzangu wa fani haumaliziki, nimeona niulete hapa wenye uzoefu waseme. Mteja kakupa kazi ya logo, bei mmeelewana, umemtumia PNG na PDF, kalipa, mmeachana vizuri. Miezi inapita, anarudi: "Naomba na ile CorelDRAW yenyewe." Anataka faili ghafi, lile la programu ya kuchorea linaloweza kurekebishwa. Unampa? Unamuuzia? Au unamwambia hilo halikuwa kwenye maelewano?

Msimamo wangu nautaja mapema ili kama ni mawe nipigwe mapema. Faili ghafi haliingii kwenye bei mpaka liandikwe kuwa linaingia. Ila dizaina anayemnyima mteja vekta ya logo yake (mchoro unaokuzwa ukubwa wowote bila kuharibika) sina maneno ya kumtetea. Hivi ni vitu viwili na watu wanavichanganya kila siku.

Logo iliyokamilika ikiwa vekta, maandishi yakiwa yamegeuzwa michoro, hiyo ndiyo bidhaa. Asipopewa, huyo mteja hana logo, ana picha ya logo. Siku anataka kuipaka ubavuni mwa gari au kuidarizi kwenye fulana za wafanyakazi, ile JPG iliyopita WhatsApp mara sita itamfanya aonekane mbabaishaji, na atakayetajwa kuwa kamfanyia kazi mbovu ni wewe. Kwa hiyo SVG, EPS au PDF ya vekta mpe, tena bila kuombwa.

Faili ghafi ni lile la mezani kwako. Lina michoro aliyoikataa, leya zako (tabaka za mchoro), picha zenye leseni uliyolipia wewe, fonti ambazo huruhusiwi kumgawia mtu mwingine. Kwenye logo pengine si kitu kikubwa. Njoo kwenye ripoti ya mwaka ya kurasa 60 uone. Ukilitoa hilo faili, mwakani kijana wa IT pale ofisini atabadilisha tarehe na takwimu, kazi imeisha, na wewe hutapigiwa simu. Ule mpangilio ndio ulikuwa jasho lako.

Kisheria, kazi ya sanaa inalindwa tangu inapotengenezwa. Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne wa hakimiliki tangu 1994 na tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kwa hiyo hulazimiki kwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza ndipo mchoro uwe wako. Sasa kuna wenzetu wakishasikia hivyo wanaota mapembe: "Logo ni yangu milele, wewe umekodi tu." Jamani, mtu anajenga duka juu ya hiyo alama, atakwenda BRELA, kwenye usajili wa biashara, kuisajili, halafu umwambie kakodi? Muuzie haki zote za logo, umwandikie kwamba umemuuzia, na bei yako ilijue hilo.

Naomba kuwasilisha. Hasa nataka kusikia walio upande wa wateja na walio kwenye uchapaji.

kiti_cha_mbele

Nimeshaweka kiti, wengine pitieni nyuma.

kijana_wa_simu

Mzee mnajitesa na mambo ya zamani. Mimi nafanya kila kitu kwa simu, kwa programu ya Canva. Mteja akitaka faili ghafi namtumia linki, anabadilisha mwenyewe, tunaendelea na maisha. Logo elfu 15, nafanya tatu kwa siku.

mchoranembo

kijana_wa_simu, sina ugomvi na Canva. Poster ya mahafali au tangazo la Instagram fanya huko, na wateja wengi hawajali umetumia nini. Ugomvi wangu ni kwenye logo. Kiolezo (mchoro ulio tayari) unachokigusa wewe kinaguswa na mtu yeyote duniani aliyefungua akaunti. Masharti yao wenyewe yanasema logo iliyotokana na kiolezo au vipande vya maktaba yao huwezi kuisajili kama alama ya biashara, kwa sababu haki yako ya kuvitumia si ya peke yako. Sasa mama wa keki anakulipa elfu 15, biashara inakua, anataka kusajili, anakuta mwenye keki mwingine mtaa wa pili ana jani lile lile na mwandiko ule ule. Umwambie ukweli kabla hajalipa. Akikubali, halali yako.

Ukitaka logo iwe yake kweli hata ukiwa humo humo Canva, chora maumbo mwenyewe na utumie fonti yenye leseni huria. Google Fonts zipo nyingi tu, leseni zake zinaruhusu biashara.

chapakazi_kkoo

Naomba niseme kama mtu wa mashine, nipo Kariakoo.

Mnabishania faili ghafi wakati faili la kuchapa lenyewe hamjui kuliandaa. Samahani kwa ukali lakini ngoja niwape orodha ya jana tu.

Wa kwanza kaleta biznesi kadi kwenye RGB, yaani rangi za mwanga wa kioo, ina ile bluu inayowaka ya kwenye kioo. Nikamwambia hii kwenye wino inakwenda zambarau. Akasema "mbona kwenye simu iko sawa". Simu inatoa mwanga, karatasi haitoi, tutafanyaje? Wa pili kaleta kipeperushi A5 bila ziada ya kukatia. Rangi imeishia pale pale karatasi inapoishia. Kisu kikihama kidogo tu kuna mstari mweupe pembeni, halafu lawama kwetu. Wekeni milimita 3 kila upande, hamlipii. Wa tatu maandishi meusi ya pointi 7 kayatengeneza kwa rangi zote nne za wino. Pleti (bamba za kuchapia kila rangi) zisipokaa sawasawa kila herufi inatoa kivuli. Maandishi madogo meusi ni nyeusi peke yake, basi. Wa nne ndiye kanimaliza: bango la mita 6 kalitengeneza kwa nukta 300 kwa inchi, faili limejaza flashi nzima na kompyuta imeganda. Bango la barabarani linaangaliwa toka ng'ambo, nukta 100 zinatosha na kubaki.

Na CorelDRAW. Umehifadhi kwenye toleo la mwaka huu, mimi nina X7, halifunguki. Hifadhini kwa toleo la chini. Na kabla ya kuleta, chagueni maandishi yote mbonyeze Ctrl+Q yageuke michoro, maana fonti yenu mimi sina, nikifungua herufi zinakuwa Arial na jina la bwana harusi linavuka mstari.

Nikirudi kwenye mada. Mimi nataka faili ghafi, na nitawaambia kwa nini. Kadi za harusi. Kamati imebadilisha ukumbi siku nne kabla, mwenyekiti wa kamati yuko dirishani kwangu saa mbili usiku, dizaina hapokei simu. Nina PDF yenye maandishi yaliyogeuzwa michoro. Kubadilisha neno moja inabidi nifute niandike upya kwa fonti inayofanana-fanana. Wageni 300 wanapokea kadi ambayo jina la ukumbi lina sura tofauti na maneno mengine yote. Hapo haki ya dizaina inamsaidia nani?

mchoranembo

Hapo kwenye kadi umenishika, mkuu. Ila angalia: kadi ya harusi haina mwakani. Hakuna kazi ya pili ninayoilinda, kwa hiyo kuibania ni roho mbaya tu. Ukali wangu ni kwa kazi zinazojirudia: ripoti, kalenda, menyu, majarida ya taasisi.

dada_masoko

Mimi niko upande wa wateja, kitengo cha masoko, kampuni siitaji. Kaka mchoranembo unaongea vizuri ila umesahau kitu kimoja: nyinyi mnapotea.

Tumefanya kazi na dizaina mzuri sana, katutengenezea katalogi ya bidhaa. Baada ya muda kapata ajira kwingine, laini kabadilisha, barua pepe hajibu. Sisi tunataka kubadilisha namba ya simu kwenye ukurasa wa mwisho. Namba tu! Hatuna faili. Tukaajiri mwingine aichore katalogi nzima upya kwa kuangalia PDF, tukalipa mara mbili kazi moja. Bosi wangu tangu hapo ana sheria yake: hakuna faili ghafi, hakuna malipo ya mwisho. Na mimi namuunga mkono.

Halafu la pili, baya zaidi. Tovuti. Domeni, yaani jina la tovuti, ilisajiliwa kwa jina la aliyetutengenezea na barua pepe yake. Ilipoisha muda, taarifa zote za kulipia zilikwenda kwake. Sisi tulijua siku wateja walipopiga simu kwamba tovuti haifunguki, na barua pepe zote za ofisi zikawa zimekufa pamoja nayo. Kumpata ilichukua muda, na alipopatikana akataja bei. Sitaki kuirudia hapa.

Sasa niambieni, hiyo nayo ni hakimiliki?

mchoranembo

Hapana, dada. Huo ni utekaji. Domeni ni anwani ya biashara ya mtu, haina ubunifu wangu hata tone. Katika hili sina upande wa pili wa kutetea.

fundi_seva

Kwa vile imefika kwangu, nichangie. Kazi yangu ni tovuti zaidi kuliko michoro.

Wateja wengi hawajui kwamba tovuti ni vitu vitatu na kila kimoja kina mwenye nacho. Kuna domeni, kuna hostingi (seva inakokaa tovuti), na kuna tovuti yenyewe. Unaweza kumhama mwenye hostingi bila kugusa domeni, na unaweza kutengeneza tovuti upya bila kugusa hivyo viwili. Dizaina akiwa amevishika vyote kwenye akaunti yake moja pamoja na vya wateja wengine ishirini, hapo ndipo dada_masoko alipokwama.

Mimi ninavyofanya: mteja anafungua akaunti kwa msajili mwenyewe, kwa barua pepe ya kampuni, tena siyo ya mtu binafsi wala ile inayotumia domeni hiyo hiyo. Domeni ikifa na barua pepe inakufa, utathibitishaje kuwa ni wewe? Analipa yeye kwa kadi au kwa simu. Mimi ananiongeza kama fundi. Siku tukikorofishana ananitoa kwa kubonyeza mara moja.

Kwa wenye .com: ikishaisha muda na msajili akaifuta, kuna siku 30 za kuikomboa kwa ada ya ziada, na hiyo ada inauma. Baada ya hapo inarudi sokoni, na kuna watu wanazivizia kwa programu. Za .co.tz fuateni utaratibu wa msajili wenu, msikariri ya .com. Na mkitaka kuhamisha domeni kutoka kwa mtu, kitu cha kudai ni namba ya siri ya uhamisho (auth code). Akikupa nywila ya WordPress, programu inayoendesha tovuti, ukadhani umepewa tovuti, umepewa funguo ya chumba, nyumba bado ni yake.

Kuhusu faili ghafi upande wa tovuti ubishi ni mwepesi kidogo. WordPress ina leseni huria ya GPL, hakuna anayeweza kusema kaifanya yake. Kilicho chako ni msimbo ulioandika mwenyewe na muundo uliochora. Mimi nakabidhi vyote, kwa sababu tovuti bila msimbo wake haipo. Ninachouza mwaka hadi mwaka ni matunzo: bakapu, masasisho, kuziba matundu. Nyinyi wa michoro hilo soko hamna, ndiyo maana mnayang'ang'ania mafaili.

Na jamani, acheni kuwafungia wateja plagini (programu za nyongeza za tovuti) za wizi. Unamlipisha laki nane, halafu unamwekea plagini ya kulipia uliyoipakua bure kwenye tovuti ya mitaani, ndani yake kuna mlango wa nyuma. Miezi miwili tovuti ya kanisa inatangaza kamari.

kiti_cha_mbele

Tovuti ya kanisa inatangaza kamari 😂 hii nimeiona kwa macho yangu.

wa_ngara

Salamu kutoka Nairobi. Nimesoma yote, na kuna jambo moja lazima niwaambie kwa sababu wengi wenu hufanyia kampuni za huku kazi kupitia mtandao.

Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2001, kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabika kuwa imehamia kwa yule aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Yaani ukinyamaza, ni yake. Uingereza, kwa sheria yao ya 1988, ni kinyume: anayejitegemea hubaki na hakimiliki hadi aiandike na kuisaini kuwa ameihamisha. Kwa hivyo dizaina mmoja akiwa Dar anaweza kufanya logo mbili wiki moja, ya mteja wa Nairobi na ya mteja wa London, mkataba ukiwa kimya kote kote, na majibu yawe tofauti kabisa. Hayo mambo ya "sheria inasema ni yangu" muulizane kwanza sheria ya wapi.

Lakini hata huku, kumiliki hakimiliki si sawa na kudai faili lenye leya. Haki ni haki, faili ni kitu. Sijaona mahali sheria inasema nikabidhi PSD, lile faili la Photoshop.

Na mkikatwa kodi ya zuio na kampuni, iwe huku au kwenu, daini cheti. Ni kodi mliyokwisha kulipa, msiiache.

mzalendo_wa_rangi

Wote mnasahau Nike. Yule mwanafunzi wa Portland, Carolyn Davidson, alichora ile alama 1971 akalipwa dola 35. Thelathini na tano! Ndiyo maana mimi faili langu sitoi.

mchoranembo

mzalendo_wa_rangi, ile hadithi kila mtu anaisimulia nusu. Alikuwa analipwa dola 2 kwa saa, na mwaka 1983 kampuni ikampa hisa zake. Ila hata hisa zisingekuwepo, kung'ang'ania faili kungemsaidia nini? Alama ile unaichora upya kwa dakika tano. Tatizo la dola 35 lilikuwa bei ya saa dhidi ya bei ya matumizi. Alama ya kibanda cha chipsi na alama ya benki yenye matawi nchi nzima zinaweza kuchukua saa zile zile kuchora. Bei haiwezi kuwa moja, kwa sababu wanachonunua si saa zako.

binti_wa_chuo

Naombeni msaada, mimi ndiyo naanza. Nikitaka kuuza faili ghafi natoza shilingi ngapi? Na ndugu je? Shemeji yangu ana saluni anataka kila kitu, na hajalipa hata kishika uchumba.

mchoranembo

Mdogo wangu, bei ya faili ghafi ninayotumia mimi ni kati ya nusu na bei nzima ya kazi, kutegemea itajirudia au la. Wengine wanatoza mara tatu. Lililo muhimu ni kuitaja mwanzoni, pale mnapopatana. Ukiitaja baada ya miezi sita mteja anaona umemvizia, na ana haki ya kuona hivyo.

Malipo ya awali usione aibu, nusu kabla hujafungua programu. Marekebisho yaandike ni mara ngapi. "Mpaka niridhike" haina mwisho, kuna watu hawajawahi kuridhika tangu wazaliwe.

Shemeji mpe bei pungufu lakini mpe na karatasi iliyoandikwa bei kamili, ili ajue kapunguziwa shilingi ngapi. Usimfanyie bure kimya kimya, atamleta na shoga yake kwa bei hiyo hiyo. Tangazo la msiba ndilo halina bei, hilo hatuulizani.

dada_masoko

Naona tunakaribiana. Basi weka hapa hayo maneno ya mkataba unayotumia, wengine tuyapeleke kwa mwanasheria.

mchoranembo

Haya, ninavyoyaandika kwenye profoma (ankara ya awali), siyo Kiswahili cha mahakamani:

"Malipo yakikamilika, mteja anapata haki zote za logo iliyochaguliwa, katika SVG, PDF ya vekta na PNG. Michoro ambayo haikuchaguliwa inabaki kwa mbunifu. Faili ghafi la kazi halimo kwenye bei hii, linapatikana kwa nyongeza ya shilingi …, bila fonti na picha zenye leseni ya mbunifu, ambazo orodha yake itaambatanishwa. Domeni na hostingi vitasajiliwa kwa jina na barua pepe ya mteja tangu siku ya kwanza. Marekebisho ni mara 3. Mbunifu atatunza nakala ya mafaili kwa miezi 12."

chapakazi_kkoo

Ongeza toleo la programu. "Faili ghafi" la toleo ambalo halifunguki kokote mjini ni jina tu. Na kwa kazi zenye tarehe au ukumbi, andika kwamba faili la maandishi yanayobadilika linakuja kwa mchapaji. Nitakuletea wateja mimi mwenyewe.

dada_masoko

Na miezi 12 haitoshi. Katalogi yetu tunaibadilisha kila baada ya miaka miwili. Andika kwamba kabla hujafuta unatupa taarifa, tuamue kama tunalinunua.

wa_ngara

Mimi nina moja tu. Umesema ni kwenye profoma. Hakikisha mteja ameijibu kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, kabla hujaanza kuchora. Ukiyaweka kwenye invoisi ya mwisho wakati kazi imekwisha, mteja wa huku atakwambia hayo hatukukubaliana, na kwa kawaida ya sheria yetu kazi tayari ni yake.

mchoranembo

Nimechukua yote matatu. Chapakazi, toleo nililo nalo linahifadhi mpaka X4, nitaandika X7 kwa sababu yako. Dada, kuhusu taarifa kabla ya kufuta nakubali, ila iende kwa barua pepe ya kampuni, maana na nyinyi watu wa masoko mnahama kazi.